Kumsikia Bosco na Kumwona

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi habari za kwaya, za nyimbo za Misa na za sikukuu za parokia. Leo twaomba ruhusa yao tuseme habari ya gitaa. Wala si gitaa linalopigwa kanisani siku ya vijana, bali gitaa la njiani, lile lililosikika katika mitaa ya mji wetu wa Likasi wakati ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Wako watakaouliza: gitaa la njiani lina shauri gani na gazeti la misioni? Twawaomba wangoje kidogo, maana hata sisi tulijiuliza swali hilo tulipokuwa tukienda.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Vijana wa parokia walitangaza baada ya Misa ya pili kwamba Jumamosi jioni, katika jumba la parokia, watafanya ukumbusho wa Mwenda Jean Bosco. Kwanza itaonyeshwa sinema ya Bosco mwenyewe akipiga gitaa. Halafu kijana mmoja wa mashirika yetu atapiga nyimbo zake mbele ya watu. Kiingilio kilikuwa kidogo, na fedha zote zilikuwa za kununulia mabati, kwa kuwa jumba linavuja upande wa jukwaa. Tulikwenda, na twakiri kwamba hatukwenda kwa ajili ya mabati.

Sisi tumempenda Bosco tangu utoto, lakini tulimjua kwa masikio tu. Tulimkuta ndani ya santuri, kisha ndani ya kaseti, na siku hizi ndani ya simu. Nyumbani kwa wazee wetu, katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, santuri yake ilitolewa siku kubwa tu. Ilipanguswa vumbi kwa kitambaa laini, na watoto walikatazwa kuikaribia mashine. Tulipokuwa wadogo tulidhani kwamba wapigaji ni wawili, mmoja anapiga sauti nene na mwenzake anapiga sauti nyembamba. Tulibishana sana juu ya jina la huyo wa pili. Mkubwa mmoja alipotuambia kwamba ni mtu mmoja na gitaa moja, hatukumsadiki.

Basi yafaa tukiri kosa letu mapema. Bosco hakufa kijana. Miaka mingi alikaa Lubumbashi, na toka kwetu mpaka huko ni kilomita 120 hivi. Wageni wa Ulaya na Marekani walivuka bahari kwenda kumtafuta, wakakaa miguuni pake kutazama mkono wake. Sisi tulisema: tutakwenda likizo ijayo. Mwaka wa pili tukasema: barabara imeharibika. Mwaka wa tatu tukasema: mtu wa kwetu, ana haraka gani? Mwezi wa Septemba 1990 alikufa katika ajali ya motokari nchini Zambia, na sisi hatukuwa tumekwenda. Mtu akitusoma hapa chini tukimhukumu kijana wa watu, akumbuke kwamba anayehukumu ni mtu aliyekuwa na nafasi akaiacha ipite.

Kwa ajili ya wasiomjua, maneno machache. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa Msiri, mfalme wa Wayeke, watu ambao babu zao walitoka Unyamwezi katika nchi iitwayo leo Tanzania. Akiwa kijana alikaa hapa Jadotville. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka nchi za Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta katika mji huu akamrekodi. Kati ya nyimbo hizo ulikuwamo ule uitwao Masanga, na huo ndio uliopeleka jina lake mbali. Mwaka 1959 aliitwa Nairobi kutangaza dawa ya Aspro katika redio, na wapiga gitaa wa Kenya waliopata kumwona huko hawakumsahau. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani, katika mkutano mkubwa wa muziki. Haya yote yanajulikana, na hatuna haja ya kuyakawilia.

Lakini juu ya jina lake tutakawia kidogo. Jina la Bosco ni la Mtakatifu Yohane Bosco, mwanzilishi wa Masalesiani, ambao walifika Katanga mwaka 1911. Mtakatifu huyo alitangazwa Mwenye Heri mwaka 1929 na Mtakatifu mwaka 1934, kwa hiyo katika utoto wa Mwenda jina hilo lilikuwa bado jipya midomoni mwa Wakristu. Baadaye, mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristu. Kardinali Malula alipopinga siasa hiyo ilimpasa kwenda kukaa Roma kwa muda. Sahani ya nyimbo alizorekodi Bosco mjini Cape Town mwaka 1988, iliyotolewa Marekani mwaka 1994, yamwita Mwenda wa Bayeke. Watu wa Likasi hawakubadili kitu; walimwita Bosco, na wanamwita hivyo mpaka leo.

Tena twajua kutoka katika maisha ya Mtakatifu mwenyewe kwamba alipokuwa mtoto kijijini alijifunza kutembea juu ya kamba na kufanya viini macho, ili watoto wenzake wakusanyike. Wakisha kukusanyika, aliwaambia wasali kwanza ndipo awaonyeshe mchezo. Hakudharau mchezo. Alijua kwamba watu hawakusanyiki mbele ya kitu kisichokuwapo. Sharti pawepo mtu, na huyo mtu wamwone. Kwa hiyo swali la gitaa la njiani na gazeti la misioni halitutishi sana.

Sasa turudi jumbani. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, mashine ikawekwa juu ya meza ya katekesi, watu wakajaa. Wazee waliwekwa mbele, watoto wakakaa chini. Sinema ilikuwa ile iliyopigwa na Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria, ambaye alifuata wapiga gitaa wa nchi nyingi za Afrika na kupiga picha mikono yao. Bosco aliyeonekana hapo si yule kijana wa mwaka 1952. Ni mtu mzima, mwenye umri wa baba. Lakini mkono ni ule ule.

Hapo ndipo ubishi wetu wa utoto ulipokwisha, ingawa umechelewa. Ni vidole viwili tu. Kidole gumba kinatembea juu ya nyuzi nene, na kidole cha shahada kinajibu juu ya nyuzi nyembamba. Vingine vyote vimetulia, kama watu waliokaa kivulini wakitazama wawili wanaolima. Tumesikia Masanga labda mara elfu, na hatukujua jambo hilo. Tulilijua kwa maneno, maana limeandikwa, lakini kulijua kwa maneno si kuliona. Tena tuliona jambo la pili ambalo santuri haiwezi kulisema: mtu huyu hana haraka. Masikioni wimbo unakimbia. Machoni mkono unapumzika. Sauti ni nyingi, lakini mwendo ni mdogo sana, mdogo kuliko wa mwanamke anayechambua mchele. Mzee mmoja karibu nasi aligonga goti lake kwa kidole akasema polepole, "Ndiyo. Ndiyo hivyo."

Ndipo umeme ukakatika. Wasomaji wa Likasi hawahitaji maelezo. Jenereta lilikuwapo, mafuta hayakuwapo. Watu waliguna, watoto wakapiga kelele kwa furaha, kama kawaida yao gizani. Mkuu wa vijana alisimama akaomba radhi, akasema kwamba tungoje nusu saa. Baada ya nusu saa akasema kwamba kijana ataanza bila kipaza sauti, na wenye simu wawashe taa zao.

Jambo moja lilituchukiza hapo. Taa ziliwashwa, lakini nyingi hazikuwashwa kwa ajili ya kummulika mpigaji, bali kwa ajili ya kumpiga picha. Mtu ametoka kwake, amelipa kiingilio, amekaa hatua tano kutoka kwa kijana mwenye gitaa, naye anamtazama ndani ya kioo cha ukubwa wa kiganja. Tumetoka kulalamika kwamba Bosco tulimjua kwa santuri tu. Na huyu aliye hai mbele yetu twamgeuza kuwa santuri kabla hajagusa uzi. Tulitaka kusema neno, tukanyamaza, maana mjukuu wetu mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Kijana ana umri wa miaka 19 hivi. Hatutataja jina lake, kwa kuwa yeye mwenyewe ameomba hivyo, na ombi hilo twaliheshimu. Mjini kwetu hakumpata mtu wa kumfundisha mtindo huo. Wazee waliokuwa wakiupiga wamekufa au vidole vyao vimekufa. Basi alijifunza kwa simu, na katika simu mwalimu wake alikuwa Mzungu mmoja ambaye hatujui ni wa nchi gani, aliyekaa chumbani mwake akionyesha vidole vyake, gumba na shahada, pole pole, mara kumi, mara ishirini. Fikirini jambo hilo, wasomaji. Wimbo ulionaswa katika mitaa yetu umekwenda Ulaya na Marekani, umekaa huko miaka sabini, na sasa mtoto wa Likasi anaupokea tena kutoka katika mkono wa mgeni. Wako walionong'ona kwamba ni aibu. Sisi hatuoni aibu. Mtu akikutunzia mbegu yako wakati ghala lako linaungua, humwoni adui. Lakini twaona hatari moja, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Alianza na Masanga. Aliupiga vizuri, na twataka kusema wazi: vizuri sana. Kila sauti ilikuwa mahali pake. Kama ungefumba macho, ungesema santuri ya mwaka 1952 inazunguka. Hata pale ambapo katika santuri gitaa linasita kidogo, kijana alisita. Halafu, baada ya dakika tatu, akanyamaza. Akaweka mkono juu ya nyuzi.

Watu walikaa kimya. Si kimya cha kuguswa moyo. Ni kimya cha mtu aliyepewa sahani, akala kijiko kimoja, sahani ikaondolewa. Ndipo yule mzee wa karibu nasi akauliza kwa sauti ya kusikika, "Imekwisha?"

"Imekwisha, Nkambo," akajibu kijana.

"Imekwishaje?"

Watu walicheka. Lakini mzee hakuwa akifanya mzaha. Alisimama, akashika kiti cha mbele yake, akasema kwamba yeye alipata kumsikia Bosco alipokuwa mtoto, akitembea jioni na gitaa lake, watoto wakimfuata. "Sikumwona vizuri," akasema. "Niliona migongo ya watu. Nilikuwa mfupi. Lakini nilimfuata, na alipiga wimbo huo huo toka barabara mpaka kwake. Hakuumaliza njiani. Aliumaliza alipofika."

Tulipotoka tuliwaza sana neno hilo la mzee. Santuri ya wakati ule ilibeba muziki wa dakika tatu hivi kwa upande mmoja, basi. Haikuweza zaidi. Ikiwa mtu ana wimbo wa nusu saa, sharti aukate. Ikiwa ana wimbo wa kumfikisha nyumbani, nyumba ihamie karibu. Hugh Tracey alifanya kazi njema, na bila yeye leo tusingekuwa na kitu cha kubishania. Lakini alichokinasa ni dakika tatu za jioni moja. Si wimbo wote. Wimbo wote haukuwa na mwisho uliopangwa, wala haukupigwa sawasawa mara mbili. David Rycroft, aliyeandika juu ya Bosco katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, alichunguza mapigo yake sauti kwa sauti. Na kichwa cha makala yake hakisemi nyimbo za Bosco, bali chataja kubuni kwake papo hapo. Mtu huyo alikuwa na njia anayoijua, na kila safari alipita upande mwingine wa njia hiyo.

Wakristu wa Katanga wana mfano mwingine wa namna hii, na huo ni wa nyumbani kabisa mwa Kanisa. Mwaka 1958, tarehe 23 Machi, katika misioni ya Kamina, iliimbwa kwa mara ya kwanza ile Missa Luba. Waimbaji walikuwa wavulana na waalimu wa kwaya ya Padri Guido Haazen, Mfransisko. Mwaka ule ule walikwenda Ulaya, wakaimba Brussels wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, na sahani ya Misa yao ikaenea kila mahali. Wazungu wasioamini Mungu waliinunua Sanctus yake. Lakini wanaojua habari zake husema kwamba mwanzoni Misa hiyo haikuandikwa. Ilibuniwa kwa pamoja, mwimbaji mmoja akitangulia kwa namna ya nyimbo za Kiluba, na wengine wakimwitikia. Kesho yake hakutangulia kwa namna ile ile. Kisha ikanaswa katika sahani. Kisha, kutoka katika sahani, ikaandikwa kwa noti. Na sasa tumesikia kwaya, wala si za mbali, zikiimba kutoka katika karatasi hata pumzi ya yule mwimbaji wa mwaka 1958, mahali alipopumua kwa sababu alichoka. Pumzi imekuwa sheria. Twauliza kwa heshima: je, huko ndiko kumheshimu?

Baba wa Mtaguso wa Vatikano, katika konstitusyo juu ya Liturujia ya mwaka 1963, waliagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe nafasi yake katika ibada. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misa kwa desturi ya majimbo ya nchi yetu. Mambo hayo ni makubwa, na tunamshukuru Mungu. Lakini ruhusa hiyo ilitolewa kwa muziki ulio hai. Haikutolewa kwa makumbusho.

Turudi kwa kijana, maana tumemwacha amesimama na gitaa mkononi. Aliinama akasema, "Nkambo, mimi ninajua mpaka pale tu." Lilikuwa jibu la kweli, na kwa jibu hilo tulimpenda. Mzee akamwambia, "Basi rudia, mjukuu. Ukifika pale usisimame."

Akarudia. Na hapa hatutamsifu bure. Alipopita mahali anapopajua, alipotea. Gumba liliendelea kwa mazoea, lakini shahada hakujua pa kwenda. Ilirudi nyuma, ikashika kipande cha mwanzo, ikakiacha, ikakishika tena. Mara mbili alikosa uzi kabisa. Uso wake ulitoka jasho, na taa za simu zilizimika moja moja, kwa sababu wenye simu waliona kwamba picha haitakuwa nzuri. Ndipo mama mmoja wa Legio ya Maria, ambaye hatukujua kabisa kwamba ana kipaji hicho, akachukua chupa tupu ya Fanta iliyokuwa chini ya benchi, akaomba kijiko kwa wauza mandazi mlangoni, akaanza kuigonga. Wazee mnajua mlio huo. Katika nyimbo za Katanga za wakati ule chupa ilikuwa ngoma ya maskini, na Masengo na wengine waliitumia. Mama hakugonga kwa nguvu. Aligonga tu kwa namna ya mtu anayesema: mimi niko hapa, wewe nenda utakako, utanikuta.

Kijana akamsikia. Watu wote waliona alipomsikia, maana aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu aanze. Gumba likapunguza mwendo. Shahada ikaanza kujibu, si gumba tena, bali chupa. Ikawa kitu ambacho hakimo katika santuri, wala katika sinema, wala katika simu ya Mzungu. Hakikuwa kizuri kama Masanga ya Bosco, hata karibu hakikufika, lakini kilikuwa kinatokea pale pale, mbele ya macho yetu, na hakuna mtu aliyejua kitakwendaje. Watu waliacha viti wakasogea. Waliokuwa nyuma walisimama juu ya mabenchi, nao bado hawakusikia vizuri, kama walivyotuambia baadaye kwa hasira. Sisi tulikuwa karibu. Tuliona mkono. Twakadiria kwamba hali hiyo ilidumu kwa muda wa dakika mbili, labda mbili na nusu. Halafu kijana alichoka, au aliogopa, akarudi kwenye kile anachokijua, akamalizia kama santuri.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Baada ya hapo alipiga nyimbo nyingine tatu, ambazo hatutazisema sana. Sauti yake ya kuimba ni nyembamba, na anaimba akitazama vidole, hata maneno yanamezwa na gitaa. Nyimbo za Bosco zina maneno; nyingine zaonya, nyingine zachekesha, nyingine ni za mapenzi ya vijana, na Kiswahili chake cha Katanga kina utamu ambao haufai kumezwa. Kijana pia anapiga mbio mno. Alidhani kwamba ubora wa Bosco ni wingi wa sauti, kumbe sinema ilikuwa imetuonyesha mkono usio na haraka. Lawama hiyo ni nusu yake na nusu ya umeme, kwa kuwa sinema ilikatika kabla hajapata kuitazama yote kwa ukubwa ule.

Wako waliotuambia mlangoni kwamba jioni iliharibika: sinema haikwisha, kipaza sauti hakikufanya kazi, mpigaji alipotea katikati ya wimbo. Twawaelewa. Walikuja kumkumbuka Bosco, na walitaka wampate Bosco. Lakini sisi twashuhudia kwamba katika maisha yetu yote ya kumpenda mtu huyu, dakika zile mbili ndizo zilizotuonyesha jinsi ilivyokuwa kumfuata njiani mwaka 1952 na kutojua anakokwenda. Santuri yake tunaijua kwa moyo. Tunajua kila sauti kabla haijafika, na kwa hiyo tangu zamani tumekuwa hatumsikilizi. Tunajisikiliza wenyewe tukikumbuka. Pale jumbani hatukuweza kukumbuka kitu, maana kilikuwa hakijatokea bado.

Ni haki pia kusema neno juu ya wale watu wazima, na hasa makatekista wa zamani, waliotuonya tusilipende gitaa kwa sababu ndugu yake ni chupa ya pombe. Hawakusema uongo. Tumeona vijana wengi waliofuata gitaa wakaishia baa. Ila jioni ile chupa ilikuwa tupu, nayo ilikuwa mkononi mwa mama wa Legio, na Padri Paroko alikuwa amesimama karibu na mlango akipiga mguu, akidhani kwamba giza linamficha.

Tulipokuwa tukitoka tulimkuta mzee amekaa nje juu ya jiwe akingoja mjukuu wa kumrudisha nyumbani. Kijana alikuwa amechuchumaa mbele yake, gitaa limelala magotini. Alikuwa akimwuliza: Bosco alipofika kwake, aliumalizaje? Mzee aliwaza sana. Akasema kwamba hakumbuki sauti. Anakumbuka kwamba mlango ulifunguliwa, na gitaa liliendelea kusikika ndani, na mama yake akaja kumkamata kwa sikio kwa sababu ilikuwa usiku.

Tukamwuliza mzee, jioni hii ameionaje. Akajibu, "Bado." Kisha akasema tena, "Lakini yule mama anajua."

Mapato yalitosha mabati manne. Uzi mmoja wa gitaa ulikatika katika wimbo wa mwisho, na nyuzi mpya zimeagizwa Lubumbashi. Vijana wametangaza kwamba watafanya tena ukumbusho huo baada ya Pasaka, na mama wa Legio ameombwa aje na chupa yake. Safari hii tutakwenda mapema, tukae mbele.